SUTI YA MTANDAONI: PIMA KIFUA KABLA HUJALIPA!

Leo tuzungumzie suti za kuagiza kwa simu, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ili usije ukasema nakusimanga.

Mwaka jana dada yangu alifanyiwa sendofu hapa Moro. Mama, ambaye huchukua karoti na kabichi Nyandira kule Mgeta na kuja kuuza mjini, alinipa mshiko nishone suti. Mimi nikajifanya mjanja. Nikamtafuta wakala, wale wanaotuagizia nguo China, akanitumia picha ya jamaa katinga suti ya bluu, kasimama kama waziri. Akaniuliza, "Unavaa saizi gani, kaka?" Nikajibu, "L." Hapo ndipo nilipochemsha.

Mzigo uliingia Msamvu siku 2 kabla ya shughuli. Mikono ya koti iliishia juu ya saa, na kifungo kilikataa kabisa kuonana na tundu lake. Mjomba, ambaye kwa sisi Waluguru ndiye mwenye sauti siku kama hiyo, aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Mjomba, hilo koti umeazima kwa nani?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mama hakucheka. Alinitengeneza kola akaninong'oneza, "Umependeza, mwanangu." Jamani, hilo ndilo lililoniuma, maana nilijua ni kabichi ngapi zimeteketea pale.

Tangu siku hiyo nimeuliza na kuchunguza, na haya ndiyo niliyopata.

Kwanza, pima mwili. Nenda kwa fundi cherehani, mpe chochote, akupime mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono na wa suruali. Andika kwa sentimita. L ya China mara nyingi ni ndogo kuliko L ya mitumba tuliyoizoea. Lebo ya suti ya kiume ya kule unaweza kuikuta imeandikwa, kwa mfano, 175/92A. Hiyo 175 ni urefu wa mtu, 92 ni mzunguko wa kifua, na herufi inaonyesha kifua kimezidi kiuno kwa kiasi gani. Y ni ya mwenye kiuno cha nyigu, A ya kawaida, B ya mwenye kitambi kinachochipukia, na C ndiyo ya mabosi. Lakini angalia, 92 ni kifua cha mtu, siyo cha koti. Kwa hiyo mwombe wakala vipimo vya koti lenyewe, hasa mabega. Fundi anaweza kupunguza kiuno na kupandisha pindo, lakini mabega yakigoma, yamegoma.

Pili, na hili wengi hatulijui. Tangu mwaka 2014, sheria ya China inampa mtu aliyenunua mtandaoni siku 7 tangu apokee bidhaa kuirudisha bila kutoa sababu, mradi iko katika hali nzuri. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako haihusiki, wala iliyonunuliwa sokoni kwa mkono. Sasa, anayepokea ni ghala la wakala hukohuko China, siyo wewe wa Kihonda! Kwa hiyo kubalianeni kabla hujalipa: nguo ikifika ghalani, aipige picha yenyewe, siyo ile ya tangazo, futi ikiwa imelazwa mabegani na mkononi. Ikiwa ndogo, irudi dukani kabla haijapanda ndege. Ikishafika Msamvu, nauli ya kuirudisha inaweza kuzidi bei ya suti. Mimi sikuomba picha hata moja.

Tatu, hesabu. Bei unayotajiwa kwanza huenda ni ya nguo tu. Uliza na kamisheni, usafiri, ushuru na nauli ya Dar mpaka Moro. Viatu vikiwa na boksi vinaweza kutozwa kwa ukubwa badala ya uzito. Unapotuma pesa kwa simu, soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Kama siyo la mtu au duka mliloelewana, simama hapo. Dai risiti.

Nne, muda. Meli inaweza kuchukua mwezi na zaidi. Mwaka mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, viwanda vingi hufunga. Panga nguo ifike wiki 2 kabla ya shughuli, fundi apate nafasi ya kurekebisha.

Mwisho, uliza kitambaa. Poliesta tupu kwa joto la Msamvu utaiva kama ndizi. Labda wenzetu wa kule juu Morningside wataivumilia.

Suti yangu sasa anaivaa mdogo wangu, na inamkaa kama kazaliwa nayo. Mama namrudishia hela yake kidogo kidogo kutokana na safu hii. Kila nikimpa anasema niache, nami kila wiki naiweka chini ya kikapu chake cha karoti.

Kazi kwenu, washikaji. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!