Mashine Ijaribiwe Udongoni, Siyo Mezani

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu hapa Kirewa alikodi mashine ya kutafuta dhahabu. Aliitoa Busia, akalipa laki moja kwa siku mbili, pesa ya muhogo wa mama yake. Pale dukani muuzaji aliweka sarafu ya shilingi mia juu ya meza, akapitisha mashine, ikalia. Akaweka pete, ikalia. Akaifunika pete kwa gazeti, ikalia tena. "Si umeona mwenyewe?" Kijana akaona mwenyewe. Akapanda boda mpaka Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu.

Huko mashine ililia asubuhi mpaka jioni. Ililia juu ya maramu, juu ya kichuguu, juu ya jiwe jeusi. Alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Akapata msumari mmoja na kizibo cha soda.

"Hii kitu inalia tu, mzee," akaniambia. "Imeharibika."

Haikuharibika. Ilikuwa nzima kabisa. Shida ni kwamba ilijaribiwa mezani, na dhahabu haikai mezani.

Kijana amepoteza laki moja, atalima tena. Lakini wako watu wengi wanaosoma kijarida hiki ambao siku moja wataambiwa, "Rudini nyumbani, ardhi imesafishwa, hakuna mabomu." Watakaosafisha ardhi hiyo watatumia mashine ya ukoo mmoja na ile ya kijana. Kama nayo imejaribiwa mezani, atakayelipa hatalipa kwa pesa ya muhogo. Atalipa kwa mguu. Ndiyo maana naandika, na nikiwakwaza wakubwa wa mashirika, wanisamehe baadaye.

Mimi ni mmoja wa Wakenya tuliovuka mpaka mapema mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi. Tulipokelewa Mulanda, hapa hapa Tororo, kwenye mahema. Wenzangu wengi wakapelekwa Kiryandongo. Mimi nikabaki kwa Jopadhola wa Kirewa, wakanipa pa kulima, Mungu awabariki. Baadaye nikasikia Sudan Kusini kuna kazi ya kutegua mabomu ya ardhini, mshahara wa dola. Nikaenda. Nilishika mashine hiyo misimu miwili, kwa hiyo ninachosema sikukisikia kilabuni.

Kwanza tuelewane mashine inafanya nini. Haioni bomu. Haijui bomu ni nini. Ina waya uliozungushwa kama duara chini, unatuma nguvu ya sumaku ardhini na kusikiliza kinachojibu. Chuma kikijibu, unasikia mlio masikioni. Tatizo la kwanza: mabomu mengi mwili wake ni plastiki, na chuma kilichomo ndani ni kidogo, pengine kipini cha kuwashia tu. Mlio wake ni kama mnong'ono. Tatizo la pili: udongo wenyewe una chuma. Hapa kwetu kila mtu anajua vilima vya Osukuru vina madini ya chuma na fosfati. Udongo wetu mwekundu si mwekundu bure, ule wekundu ni kutu. Udongo wa namna hiyo, na mawe meusi yenye sumaku, nao hujibu mashine. Sasa msikilizaji anatafuta mnong'ono katikati ya soko.

Mashine nzuri zina kitufe cha kuizoesha udongo, ili inyamaze juu ya ardhi tupu na kulia juu ya chuma tu. Ni kitu kizuri. Lakini hakuna cha bure: kwenye udongo mgumu, mashine nyingi zikishazoeshwa hupungukiwa na kina. Ile iliyoona kipini sentimita 15 chini ya mchanga mweupe inaweza kukiona sentimita chache tu chini ya maramu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ardhi iliyosafishwa na ardhi iliyosafishwa kwenye karatasi.

Sasa niseme langu, maana siwezi kuwanyooshea wengine kidole nikificha changu.

Kila asubuhi kule tulitakiwa kuijaribu mashine kabla ya kuingia. Kulikuwa na kijishimo karibu na gari, kimezikwa kipande cha mfano, na kila mtu alijua kipo wapi. Unapitisha, inalia, unatia sahihi, unaingia. Udongo wa pale kwenye gari ulikuwa mchanga laini wa mtoni. Tulipokuwa tukifanya kazi kulikuwa maramu tupu, nusu kilomita mbele. Mashine zikapiga kelele kutwa. Kiongozi wetu alihesabu mita za mraba, maana ofisi ilimhesabia yeye mita za mraba. Hakuna aliyesema wazi "punguzeni," lakini kila mmoja alijua kitufe kiko wapi. Nikapunguza. Kelele zikaisha, mita zikaongezeka, tukapongezwa.

Wiki iliyofuata kikosi cha ukaguzi kikapita juu ya kazi yetu. Wakakuta bomu moja kwenye mstari wangu. Ule ulionipita mimi, uliowekewa kijiti cheupe kwa mkono wangu mwenyewe, maana yake "hapa pako salama, pitisha mtoto." Hakuna aliyeumia. Ukaguzi ulifanya kazi yake, nashukuru. Lakini mpaka leo nikiona mtoto akikimbia kwenda kisimani naangalia kwanza ardhi.

Msiseme ni uzembe wa mtu mmoja tu. Uzembe wangu naukubali. Lakini kipimo cha asubuhi kilituambia kila siku kwamba mashine ni nzuri, na kilikuwa kinasema kweli: nzuri kwenye mchanga wa mtoni, kwa mtu anayejua jibu. Mtihani ambao mwanafunzi amepewa majibu si mtihani. Ni sherehe.

Na wakubwa hawawezi kusema hawakujua. Wataalamu walishaona haya zamani. Mwaka 2001 ulitoka ripoti ya mradi wa nchi kadhaa uliozilinganisha mashine za aina nyingi, siyo maabara tu, bali pia kwenye udongo wa Kambodia na Kroatia. Mwaka 2003 Wazungu wakaandika mwongozo wa jinsi ya kuzijaribu mashine hizi, na udongo ukiwa ndani ya mwongozo. Mwaka 2005 wakaja Afrika, wakazijaribu Msumbiji, kwenye udongo wa Msumbiji. Wajerumani nao walifanya majaribio ambamo hawakupima mashine peke yake, walimpima na mtu anayeishika, kwa sababu mashine moja mikononi mwa watu wawili ni mashine mbili. Elimu ipo. Inayokosekana ni desturi ya kuifuata pale ambapo hakuna mzungu anayeangalia.

Ukitaka kuona mtihani wa kweli, nenda Morogoro, Tanzania. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa baruti. Panya hapewi kazi mpaka afaulu mtihani, na anayemshika kamba haambiwi mabomu yamezikwa wapi, asije akamsaidia kwa kujua au kutojua. Panya mmoja wa huko, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya! Anafanya mtihani mgumu kuliko ule niliofanya mimi, baba wa watoto.

Na ukitaka kuona kukosa mtihani kunazaa nini, muulize mtu wa Baghdad. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliiuzia Irak kifaa kiitwacho ADE 651, eti kinagundua mabomu. Ndani hakikuwa na kitu. Kilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Kilisimama kwenye vizuizi vya barabarani miaka, magari ya mabomu yakipita. McCormick alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Thailand walikuwa na ndugu yake, GT200. Mwaka 2010 wakakijaribu kwa siri, mara 20, mshikaji hajui bomu liko wapi. Kikapatia mara 4. Mtu anayebahatisha angefika hapo hapo. Jaribio hilo lingefanyika siku ya kununua, wangeokoa pesa na roho.

Tena tusiende mbali. Kila siku tunapangwa foleni kwenye mageti, tunapitishiwa kile kijiti cha askari, mikono juu. Tangu mabomu ya Kampala ya Julai 2010 tumezoea. Sikatai kukaguliwa. Lakini siku moja niliingia ofisi fulani nikiwa na simu, funguo na kisu cha mboga nilichokisahau kwenye mfuko. Kijiti kikapita kimya mwili mzima. Nikamwonyesha askari kisu mwenyewe. Akacheka: "Betri ilikufa, mzee, wee pita tu." Mama mjamzito nyuma yangu alikuwa amesimama juani saa moja kukaguliwa na betri iliyokufa.

Najua nitakayojibiwa. Eti majaribio ni gharama, eti yanachelewesha. Kuchelewesha nini? Jembe lipo. Chupa ya plastiki ipo, pini ipo. Mchana mmoja unatosha: azike mtu asiyeishika mashine, atafute mtu asiyeambiwa, ahesabu mtu wa tatu. Wengine watasema nawatisha watu wasirudi makwao. La. Mashine hizi zikitumiwa vizuri zinaokoa. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza mabomu yake yanayojulikana, Msumbiji mwaka 2015. Hayo ni matunda ya watu waliopiga magoti udongoni, nami nawavulia kofia. Anayewatisha watu ni yule anayewaambia "pako salama" bila kuonyesha alijuaje.

Basi naomba manne, siyo mengi.

Moja: mashine ijaribiwe kwenye udongo wa mahali pa kazi, na ukibadilika udongo, ijaribiwe upya.

Mbili: anayejaribiwa asijue jibu.

Tatu: anayehukumu asiwe muuzaji, wala anayelipwa kwa mita za mraba.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu: matokeo yaletwe kwetu, kwa lugha tunayosikia. Siku afisa atakapokuja Kiryandongo kuwaambia ndugu zetu wa Sudan Kusini kwamba kijiji chao kimesafishwa, mama mmoja asimame amuulize: mlisafisha mpaka kina gani? Udongo wa kwetu ni mweusi au mwekundu, mnajua? Mlizika mangapi ya kujaribia, mkapata mangapi? Akijibu, tumpigie makofi. Akisema "wataalamu walihakikisha," tumwambie kwa heshima arudi awaulize, sisi tutamsubiri hapa hapa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tutakaolala pale, na kulima pale, na kuwatuma watoto maji pale. Kwa hiyo mtihani huo ni wetu kuuona.

Yule kijana, kwa habari yenu, alirudi Busia juzi. Safari hii alibeba ndoo ya udongo wa Tiira. Akaimwaga mbele ya duka, akafukia pete ndani yake, akamwambia muuzaji: "Haya, sasa nionyeshe."

Muuzaji alikataa.