Magome ya muwati yapewe nafasi maabarani

Kwa Mkurugenzi,
Taasisi ya Utafiti wa Chai (KALRO), Kericho.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Boito kuhusu miti, ingawa kazi yenu ni chai, kwa kuwa huku majani chai hayakauki bila boila, na boila zinakula mikaratusi. Mikaratusi ikipasuliwa mbao, vumbi lake hubaki vilima kando ya mashine, linyeshewe hadi lioze.

Karibu robo ya vumbi hilo ni lignini, gundi inayoushikilia mti usimame. Ikikaushwa, huwaka vizuri; viwanda vya plaiwudi navyo vinaweza kuichanganya kwenye gundi yao. Taabu ni kuipata. Ukichemsha vumbi kwa soda kali, lignini huyeyuka na maji huwa meusi tititi. Ukitia asidi inajitenga, lakini kwa chembe ndogo mno zenye chaji hasi: zinafukuzana, hazizami, zinaziba chujio. Hapo ndipo panapotakiwa dawa ya kuzikusanya ziwe madonge. Viwandani hutumika sana polima za petroli. Shabu nayo huacha alumini ndani ya lignini ileile unayotaka kuuza.

Lakini Brazil hutengeneza dawa ya kusafishia maji kwa magome ya muwati, mti uleule ambao kampuni ya EATEC ya Eldoret iliukamua tanini ya kutengenezea ngozi. Tanini ghafi haitoshi. Lazima ibadilishwe ibebe chaji chanya, na kwa kawaida hilo hufanywa kwa fomaldehaidi, kitu kisichochezewa jikoni. Ndiyo maana naomba maabara, siombi baraza la wakulima.

Kwa nini sasa? Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, Webuye, kilisimama 2009, baada ya miaka mingi ya kumwaga maji yake katika Mto Nzoia. Mito yetu, Itare na Kipsonoi, inaingia Mto Sondu, kisha Ziwa Victoria. Atakayekuja huku na mradi kama huo wa kuchemsha mbao aulizwe mapema: maji meusi utayapeleka wapi? Nataka siku hiyo tuwe na jibu letu mkononi, tusisubiri la mwekezaji.

Basi chukueni vumbi la mikaratusi ya hapa. Jaribuni tanini ya muwati, mbegu za mlonge na polima ya dukani katika maji yaleyale meusi. Pimeni muda wa kuzama, wepesi wa kuchuja, majivu yanayobaki ndani ya lignini, na gharama kwa kila kilo. Matawi ya chai tunayopogoa msiyahesabu kabisa. Wataalamu wa chai wenyewe ndio waliotufundisha kuyaacha shambani yalishe udongo.

Polima ya dukani ikishinda, semeni hivyo pia, na matokeo yabandikwe kwenye vituo vyetu vya kuuzia majani, kwa Kiswahili na Kikipsigis.

Wako,
Mkulima wa chai, Boito, Bomet