Msitupigie Makofi Tu

Hivi, waandishi chipukizi wenzangu, nani katufundisha kwamba mhusika mwenye viungo vinavyopinda lazima awe jini au mchawi? Nimesoma hadithi kibao za vijana wa rika letu. Kila anayekunja kidole mpaka kikagusa mkono, ukifika mwisho wa hadithi kageuka nyoka. Nasema wazi: huo ni uvivu wa kalamu.

Hapa Kharumwa watu wa namna hiyo tupo. Mimi gumba langu linalala juu ya mkono bila kulazimishwa, magoti yanarudi nyuma kama upinde, na bega limeshachomoka mara mbili, mara ya pili nikiwa nimebeba kiroba cha mawe kupeleka kwenye karasha. Shuleni wenzangu waliniita Mpira. Mwalimu mmoja aliniita mvivu, kwa sababu vidole viliuma nikiandika na mwandiko ukaenda kombo. Bibi yeye alisema nimerogwa, akanifunga hirizi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: panauma?

Kumbe jambo lenyewe lina jina, haipamobiliti ya viungo, yaani viungo kunyumbuka kupita kawaida. Kano, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa, zimelegea, na mara nyingi mtu karithi. Na asije mtu akaniambia haya ni mambo ya Wazungu! Mwaka 1973 daktari Peter Beighton na wenzake walichapisha utafiti wa viungo vya Watswana wa Afrika Kusini, na hesabu yao ya alama 9 inatumika hadi leo: vidole vidogo 2, gumba 2, viwiko 2, magoti 2, na 1 ya kuinama ukagusa ardhi kwa viganja bila kukunja magoti. Kijana mwenye 5 au zaidi, daktari anapaswa kumhoji zaidi. Mimi ninazo 7.

Wengi wanaopinda hivyo hawana shida yoyote, na watoto hupinda kuliko wakubwa. Ila wapo ambao viungo vinateguka ovyo na uchovu hauwaishi. Hao wanahitaji mazoezi ya kuimarisha misuli inayoshikilia kiungo. Hirizi ya nini?

Sasa tazameni unafiki wetu. Mwezi wa Juni watu wanafurika Bujora, kule Mwanza, kwenye Bulabo, Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. Mchezaji akijipinda mpaka watu washike vichwa, anatunzwa. Wiki inayofuata huyo huyo akisema goti limegoma, hawezi kulima, jamani, mvivu huyo! Sikatai ngoma, mimi ni Msukuma. Nakataa kumtunza mtu kwa kiungo kile kile tunachomtukania.

Mtasema fasihi ina uhuru wake. Sawa. Basi utumieni. Niandikieni binti anayeshindwa kufungua soda kwa mkono, anayekanda kiwiko kwa maji ya moto usiku, na alfajiri yuko mwaloni anaosha mchanga wa dhahabu kwa sababu nyumbani hakuna unga. Hadithi hiyo nitaisoma mpaka nukta ya mwisho. Mkimgeuza nyoka, gazeti nampa mama muuza maandazi akafungie.