Mushahara hauletwi na huruma ya patroni

Ndugu vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kila pahali,

Kila mwisho wa mwezi tunasikia neno moja: feza haitoshi. Kijana anaingia kwa patroni peke yake, anaomba nyongeza, anajibiwa: « Kama hautaki, wengine wako mulangoni. » Anarudi kazini kimya. Patroni anajua kwamba mutu mumoja akitoka, kazi itaendelea. Lakini wote mia mbili wakisema pamoja, kazi inasimama, na yeye mwenyewe ataita mazungumuzo.

Hiyo ndiyo nguvu ya sendika. Wajumbe wa wafanyakazi wanakaa na patroni, wanaandika mapatano ya pamoja: kila daraja italipwa ngapi, usafiri, matunzo ya hospitali. Mapatano yakiisha kutiwa sahihi, mukataba wa mutu mumoja hauwezi kumupa chini ya pale.

Wazee wetu walilipa haki hii kwa damu. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa Lubumbashi, askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wanadai nyongeza. Léonard Mpoyi, musemaji wao, aliuawa pale. Hawakuwa na sendika: wakoloni waliruhusu Wakongomani kuunda sendika 1946 tu. Leo Katiba yetu, vifungu 38 na 39, inalinda sendika na mugomo.

Lakini haki isiyotumiwa inalala. Muangalie mushahara wa chini wa inchi. Katika 2018 uliwekwa franka 7.075 kwa siku, zaidi ya dola 4. Franka ikaanguka, mushahara ukabaki palepale. Mwanzoni mwa 2025 ile feza haikufika hata dola 3. Watu walifanya kazi ileile, lakini unga ulipanda bei. Mushahara ulipandishwa katika 2025, kisha miaka saba ya kungojea.

Na karatasi peke yake haitoshi. Tarehe 12 Februari 2004, kule Mbudi, serikali na sendika za watumishi wa serikali walipatana: mutumishi wa chini kabisa atafikia dola 208. Miaka zaidi ya 20 imepita, walimu wetu wangali wanagoma. Sahihi bila ufuatiliaji ni wino tu. Tuseme pia ukweli wa nyumbani: sendika ni nyingi, zimegawanyika, na wakubwa fulani wa sendika wanakula na patroni kisha wanatuletea maneno matamu. Dawa si kukimbia sendika. Dawa ni kuzirudisha mikononi mwa wafanyakazi.

Kwa hiyo tunadai:
– Serikali ichapishe mapatano yote ya mishahara, na ikague kama yanaheshimiwa.
– Wafanyakazi wanaoajiriwa kupitia makampuni ya katikati, sawa vile wengi kule Kolwezi, walipwe sawa na wenzao kwa kazi ileile.
– Hakuna mujumbe afukuzwe ju ya kusema.

Na wewe unayesoma: wiki hii uliza kazini kwako, « Mapatano yetu iko wapi? Mujumbe wetu ni nani, nani alimuchagua? » Kama hakuna jibu, ita wenzako watano, mukae. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tusiombe. Tujipange, tudai.