Hiyo mbegu ya bangi muiache

Vijana wenzangu, hapa Logiri mpaka Koboko maneno yanazunguka: eti bangi imeruhusiwa, tafuta mbegu ya Afghanistan, panda, utapata pesa. Si kweli. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria ya 2015, kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Watu wameshika hapo tu. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine: kulima bila kibali ni kosa. Kibali wanapata makampuni yenye pesa, na mimi naona si haki. Lakini mkimbizi akishikwa, nani atamtolea dhamana? Tena bangi ile imezoea milima mikavu, mvua zetu zitaozesha maua. Tupande simsim ya kienyeji, mbegu unajiwekea mwenyewe.