ALAMA YA BEGANI NA KATA YA MCHUKUZI

Sisi makarani twaijua thamani ya muhuri. Alama ya askari begani mwake nayo ni muhuri, tena yafaa isomwe kwa makini.

Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na kupigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw hata mto Chindwin, ilivaa kichwa cha kifaru. Hatukatai kwamba ni mnyama mwenye nguvu. Leo hata gari la vita la chuma twaliita kwa jina lake. Walakini kifaru huona hafifu, na katika hadithi za wazee wetu mwenye sifa ni Sungura.

Wenzetu wa Afrika ya Magharibi walipata iliyo bora. Divisheni ya 81 ilivaa buibui mweusi katika duara la manjano, naye ni Ananse wa hadithi za Waashanti, mdogo wa mwili, mshindi kwa akili. Alivaliwa kichwa chini, ili askari aelekezapo bunduki, buibui aonekane akimwendea adui.

Lakini itupendezayo zaidi ni ya Divisheni ya 82: mikuki miwili iliyopishana, pamoja na kata ya mchukuzi. Kata! Kitu kile kile ambacho mama zetu husokota ili kujitwika mtungi. Maana yake ni kwamba jeshi lile lilipigana kwa msaada wa wachukuzi wake, kwani katika misitu ya Arakan mizigo mingi ilikwenda kichwani. Aliyeikubali alama hiyo alikuwa mtu wa haki.

Na huku kwetu? Katika vita vya 1914 hata 1918 wachukuzi walikuwa mamia ya maelfu, wakafa wengi mno, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako wanunuzi wa nyanya hawaulizi asili yake. Sanamu ya Nairobi yamwonyesha mchukuzi pamoja na askari. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni askari peke yake na bunduki yake. Twaona yafaa miguuni pake iwekwe kata moja ya shaba, na wakuu wa mji waandikiwe barua kwa jambo hilo. Kuiandika tuko tayari.