Fowadi Mmoja kwa Vijana Wawili: Mtibwa Ipime Kwanza

Kila mara dirisha la usajili linapofunguliwa, wapenzi wa kandanda mkoani Morogoro huirudia hoja ile ile: je, Mtibwa Sugar itafute fowadi aliyekwisha kukomaa, hata kama bei yake ni kuwaachia vijana wawili au watatu iliowalea yenyewe? Hoja hiyo husikika katika vyumba vya walimu, katika maofisi na katika mabasi yaendayo Turiani, na mara nyingi huamuliwa kwa kelele kuliko kwa hesabu. Kwa kuwa inahusu uhai wa timu ya mkoa, inastahili kupimwa kwa utulivu.

Wanaotaka fowadi hawakosi sababu. Mtibwa, iliyokuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ilishuka daraja mwaka 2024. Hivyo katika msimu wa 2024/25 mkoa mzima wa Morogoro haukuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu, na Uwanja wa Jamhuri, uliopo chini ya milima ya Uluguru, ukawa mahali pa kusimulia yaliyopita. Timu ilijikaza, ikaongoza Ligi ya Championship na kurejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Timu iliyopitia safari hiyo haihitaji kuhubiriwa hasara ya kukosa mabao. Sare tatu zina thamani ya ushindi mmoja tu, na timu inayojilinda vyema lakini haifungi hukusanya pointi moja moja kama mtu ajazaye pipa kwa kijiko, wakati wenzake wanatumia ndoo.

Tena kuna fedha. Mkataba wa matangazo ya televisheni uliotiwa saini mwaka 2021 kati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu na Azam ulikuwa wa miaka 10 na thamani ya shilingi bilioni 225.6. Klabu inayoshuka hujiondoa yenyewe kwenye meza hiyo. Kwa mantiki hiyo wapo wasemao kwamba kijana wa miaka 18, hata awe na kipaji namna gani, hana faida kwa timu ambayo mwakani itakuwa imerudi chini. Si hoja ya kubezwa.

Lakini kabla ya kuikubali, yafaa kukumbuka Morogoro ni mkoa wa namna gani katika mchezo huu. Mseto ilitwaa ubingwa wa Taifa mwaka 1975, wakati ambapo wengi waliamini kombe hilo haliwezi kutoka Dar es Salaam. Kutoka Tumbaku, timu ya Morogoro mjini, ndiko alikotokea Zamoyoni Mogella, aliyeng'ara akiwa na Simba na Taifa Stars katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 Simba iliwachukua kutoka Mtibwa wachezaji watatu kwa mpigo: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Oktoba mosi ya mwaka huo huo, Kichuya aliisawazishia Simba dhidi ya Yanga kwa kona iliyoingia moja kwa moja wavuni. Mwaka 2018 akafuata Hassan Dilunga. Mboga za Mgeta huteremka mlimani alfajiri na kufika Kariakoo, ambako faida kubwa humwangukia asiyelima. Na vijana wa mpira wa Morogoro nao, kwa sababu zinazojulikana na kila ajuaye ziliko klabu za Simba na Yanga, huishia Kariakoo hiyo hiyo.

Swali la fowadi kwa hiyo si swali la fowadi peke yake. Ni swali la kubadilishana: nini kinatolewa, nini kinapatikana, na nani anabaki na kitu baada ya miaka mitatu.

Mabadilishano ya namna hiyo huonekana wazi zaidi katika mpira wa kikapu wa Marekani, ambako klabu hupeana wachezaji bila fedha yoyote ya uhamisho, na aghalabu mchezaji haulizwi. Huamka asubuhi akaarifiwa kwamba kituo chake cha kazi kimebadilika. Watumishi wa umma hawatashindwa kuielewa hali hiyo. Miongoni mwa mabadilishano hayo limo moja lililomhusu Mtanzania. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Timu ya Memphis iliyomchagua ilivutiwa na kimo chake cha zaidi ya meta 2.2. Hakupata muda mwingi uwanjani, kwani nafasi ya kati ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol.

Februari 2011 fowadi tegemeo wa Memphis, Rudy Gay, aliumia bega. Timu ilikuwa inakaribia hatua ya mtoano na pengo lilikuwa kwa mafowadi, si kwa warefu wa kati. Ndipo viongozi wake walipomtoa Thabeet, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji chipukizi katika uteuzi wa baadaye, wakapewa na Houston fowadi Shane Battier, mtu wa miaka 32, na Ish Smith. Battier hakuwa mfungaji wa kutisha. Alikuwa mlinzi hodari, mwenye akili ya mchezo, na alikwisha kuichezea Memphis miaka ya nyuma. Aprili, katika mchezo wa kwanza dhidi ya San Antonio iliyoongoza kanda yao, ni huyo Battier aliyefunga mtupo wa pointi tatu ulioipa Memphis uongozi zikiwa zimesalia sekunde zisizofika 30. Memphis ikashinda mchezo huo, kisha ikaitoa San Antonio kwa michezo minne kwa miwili. Haikuwa imewahi kuvuka raundi hata moja. Baada ya msimu Battier aliondoka kwenda Miami, na Memphis ikabaki bila Battier na bila Thabeet.

Mtanzania asomaye habari hiyo huenda akaumia, maana aliyetolewa ni wa kwao. Lakini kwa kipimo cha biashara, Memphis ilifanya sawa, na sababu zake ndizo zinazopaswa kutazamwa Morogoro. Ilijua pengo lake kwa jina. Ilitoa kile ilichokuwa nacho cha ziada, yaani mrefu wa kati asiyecheza. Tena ilifanya hivyo wakati ambapo miezi mitatu tu ilikuwa na uzito kuliko miaka mitatu, kwa kuwa mlango wa mtoano ulikuwa wazi mbele yake.

Mtibwa ikipimwa kwa vipimo hivyo, mambo hubadilika. Vijana si ziada ya Mtibwa. Vijana ndio mali yake. Klabu hii imewahi, na zaidi ya mara moja, kutwaa ubingwa wa ligi ya vijana wa chini ya miaka 20. Iliwapoteza wale watatu mwaka 2016, na bado mwaka 2018 ikatwaa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United mabao 3 kwa 2 mjini Arusha, ikiongozwa na kocha Zuberi Katwila, mchezaji wake wa zamani. Kombe lile halikununuliwa dirishani. Lilitokana na shamba lililoachwa na mbegu za kutosha hata baada ya mavuno makubwa kuchukuliwa na wengine. Ni kweli kwamba miaka sita baadaye timu ile ile ilishuka, na hapo wanaotaka fowadi watasema kwamba malezi ya vijana hayakuiokoa. Jibu ni kwamba shamba linalovunwa kila mwaka na lisilotiwa mbolea halidumu. Kuongeza kasi ya kulivuna hakuwezi kuwa dawa.

Tukuyu Stars ni ukumbusho mwingine, ingawa kutoka mkoa mwingine. Ilipanda daraja ikatwaa ubingwa wa mwaka 1986 katika msimu wake wa kwanza, jambo lililoishangaza nchi nzima. Mwaka 1987 ikashuka. Timu ya mkoani huweza kupanda kwa kizazi kimoja tu cha vijana, na huporomoka pale kizazi hicho kinapotawanyika bila kuwa na kingine nyuma yake.

Kuna pia jambo la kiufundi linalosahauliwa na mashabiki wengi. Fowadi hupewa mpira, hauokoti. Kichuya alikuwa winga, na Mzamiru ni mtu wa kiungo. Mchango wao mkubwa ulikuwa kuufikisha mpira mahali pa kufungia. Timu ikimtoa winga na kiungo ili imlete mshambuliaji wa kati, itakuwa imenunua jembe kwa fedha ya kuuzia shamba. Mshambuliaji huyo atasimama peke yake kati ya mabeki wawili, Manungu itamzomea, na ifikapo dirisha dogo ataitwa mzigo.

Je, basi Mtibwa ikae bila fowadi? La hasha. Akili ya Memphis inaweza kufuatwa bila kulipa bei ya Memphis. Fowadi anaweza kuchukuliwa kwa mkopo wa nusu msimu au msimu mmoja kutoka klabu zenye washambuliaji wengi kuliko nafasi. Hao wapo kila mwaka, wakikaa benchi kwa mishahara mizuri huku viwango vyao vikishuka. Kwake yeye Turiani ni mahali pa kurudisha jina, na kwa Mtibwa gharama ni sehemu ya mshahara wake. Asitafutwe kwa sifa za zamani. Mtu kama Battier, anayejua kulinda mpira, kuwapa nafasi wenzake na kumwelekeza kijana wa miaka 19 aliye pembeni yake, ana thamani kuliko mwenye jina kubwa na magoti mabovu. Iwapo ni lazima kutoa mchezaji, atolewe yule ambaye nafasi yake ina watu wawili wanaolingana, naye awe mmoja, si watatu.

Halafu kuna suala la karatasi, ambalo katika klabu zetu nyingi hudharauliwa mpaka siku ya majuto. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto akaolee bonde gani, akajenge mji gani, bado ni wa ukoo wa mamaye. Shirikisho la kandanda la dunia lina kanuni inayokaribiana na mila hiyo. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujamalizika, asilimia 5 ya bei hutengwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu isiyotunza kumbukumbu za usajili wa vijana wake haina namna ya kudai fungu lake. Na kwa mauzo ya ndani ya nchi, ambako kanuni hiyo kwa kawaida haifiki, lipo jambo la kuandika katika mkataba wenyewe: kijana akiuzwa tena na klabu iliyomnunua, asilimia fulani irudi Manungu. Kiongozi anayekubali kumwachia kijana bila sharti hilo, kwa kubadilishana na fowadi ambaye mkataba wake utakwisha baada ya miezi sita, anapaswa kuwaeleza wanachama na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari alichokipata.

Kumbukumbu hizo huanzia shuleni. Vijana wengi hugunduliwa katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na mtu wa kwanza kuyaandika majina yao na tarehe zao za kuzaliwa ni mwalimu wa michezo. Mtibwa ingefanya vyema kuwa na daftari moja na walimu hao wa Mvomero, Kilosa na Morogoro Vijijini, lijazwe kila mwaka kabla ya mashindano ya wilaya, likionyesha nani alicheza wapi na kuanzia lini. Gharama yake ni nauli ya mtu mmoja na kalamu, na kazi hiyo inaweza kuanza kabla dirisha lijalo la usajili halijafunguliwa.